Ukabila Humficha Mwivi

Jioni hii tumepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulijua, lakini wachache hupenda kulisema mbele za watu. Jambo lenyewe ni ukabila, pamoja na kinyongo kiuzaacho. Twajua ya kuwa wengine wenu, wakilisikia neno hilo tu, watanyosha mkono waizime redio, huku wakisema, "Haya! Waalimu wameanza tena kutuhubiria tupendane." Twawaomba mngoje kidogo. Hatukuja kuhubiri. Tumekuja na hesabu ya magunia ya mahindi, na hesabu hiyo ikiisha kila mmoja ataamua mwenyewe.

Kwanza yafaa tupambanue maneno mawili, maana watu huyachanganya. Kabila ni lugha aliyotuimbia mama tulipokuwa mgongoni. Ni majina ya babu zetu. Ni desturi za kumpokea mgeni na za kumzika maiti. Hayo si mabaya, wala hatumwambii mtu ayatupe. Ukabila ni jambo jingine. Ukabila ni kumpima mtu kwa kabila lake katika mambo ambayo kabila halina kazi ndani yake: katika kazi ya afisi, katika kura, katika bei ya sokoni, katika hukumu ya baraza. Atafutaye fundi wa kuezeka nyumba haulizi fundi huyo alizaliwa kwa nani, huuliza, "Je, mvua ikinyesha, paa lake huvuja?" Lakini mtu yule yule, siku ya kupiga kura ikifika, husahau habari za paa akauliza habari za ukoo.

Na kinyongo je? Mtu ametendwa jambo baya, au adhani ametendwa. Hakulisema, hakulipwa, akaliweka moyoni kama kaa la moto chini ya majivu. Kaa hilo laweza kukaa miaka mingi bila kuonekana. Wapo watu ambao kazi yao ni kupita na kipepeo wakitafuta majivu ya namna hiyo, hasa mwaka wa uchaguzi.

Sasa twawasimulia habari iliyotupata sisi wenyewe, katika chuo cha ualimu ambamo twafundisha. Hatutataja jina la chuo, wala majina ya makabila, maana mkiyasikia tu mtaanza kuchagua upande, na habari yote itaharibika.

Miaka kadhaa iliyopita, katika muhula wa masika, ugali ulianza kupungua sahanini. Wiki ya kwanza wanafunzi walifanya mzaha. Wiki ya pili walinung'unika. Wiki ya tatu wakaja kwetu wajumbe watatu jioni, wakabisha hodi. Mkubwa wao alisema, "Mwalimu, twala nusu. Kazi ya shamba ni ile ile, na masomo ni yale yale, lakini chakula ni nusu." Wajumbe hao walikuwa wa makabila matatu, na mmoja wao alikuwa wa kabila moja na mtunza ghala. Tafadhalini likumbukeni hilo. Mwanzo wa shauri lile, njaa haikuwa na kabila.

Walakini hazikupita siku nne, neno likazuka. Mtu mmoja, ambaye hata leo hatumjui, aliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa bwalo kwamba watu wa kabila fulani wala unga wetu, na kabila lenyewe akalitaja. Asubuhi ikawa habari ya chuo kizima. Mtunza ghala ni wa kabila lile. Karani wa hesabu naye ni wa kabila lile. Basi imekwisha, ushahidi wa nini tena?

Tangu siku ile palitokea mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wa kabila lile, ambao matumbo yao yalikuwa matupu sawasawa na ya wenzao, waliacha kulalamika. Wakakaa meza moja, wakaapa ya kuwa ugali wawatosha, na ya kwamba wanaonung'unika wana kijicho. Yule mjumbe wao hakuja tena kwetu. Tulipomwita faraghani na kumwuliza, alitujibu, "Mwalimu, nikisema unga umepungua, nitakuwa nimesema baba yangu ni mwivi." La pili, mtunza ghala, ambaye mpaka siku ile alikuwa mtu mmoja tu, awezaye kuulizwa maswali kama mtu ye yote, alipata jeshi la kumtetea. Hakuulizwa tena neno, kwa kuwa kumwuliza kulikuwa sawa na kutangaza vita.

Na sisi waalimu je? Yatupasa kusema kweli, ijapokuwa yatuaibisha. Siku moja katika chumba cha waalimu, tulipokuwa tukinywa chai, tulisema kwa kinywa chetu wenyewe, "Hao ndivyo walivyo, wakipewa ufunguo hawaurudishi." Tulidhani twasema na watu wetu tu. Mwalimu mmoja kijana, wa kabila lile, alikuwa amesimama karibu na dirisha akitia sukari. Aliweka kikombe chini, akatoka nje, asiseme neno.

Mambo yalikaa hivyo wiki tano, na unga ukazidi kupungua. Mwisho mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye mama yake aliuza nafaka sokoni, aliuliza swali ambalo sisi sote wenye vyeti hatukuwa tumeliuliza: "Mwalimu, magunia yakiletwa, nani huyapima?" Tukaenda kuuliza. Hapana aliyeyapima. Mizani ilikuwako, lakini mnyororo wake ulikuwa umekatika tangu mwaka uliotangulia, nayo ilikuwa imewekwa nyuma ya majembe. Ikatengenezwa kwa siku moja. Mahindi yalipoletwa tena, magunia yakapimwa mbele za watu. Gunia lilitakiwa kuwa na kilo 90. La kwanza lilionekana kuwa na kilo 68. La pili 71. La tatu 66. Midomo ya magunia ilikuwa imekunjwa na kushonwa chini, hata kwa macho yalionekana kujaa. Kumbe chuo kilikuwa kikilipa fedha za magunia manne, kikila magunia matatu. Wanafunzi waliposema "nusu," hayo yalikuwa maneno ya njaa. Mizani ilisema ni robo. Lakini robo nayo ni wizi.

Mwenye kuyaleta mahindi hakuwa wa kabila lililoandikwa mlangoni. Alikuwa wa kwingine kabisa, na kabila lake halikumsaidia kupunguza hata kilo moja; kilichomsaidia ni mnyororo uliokatika, pamoja na kelele zetu. Wiki tano zile sote tulipokuwa tukitazama mlango wa ghala, yeye alipita mlango wa mbele na lori lake, akilipwa. Wala mtunza ghala hakuwa bila kosa: alikuwa ametia sahihi kwamba amepokea kilo 90 asizozipima, naye alionywa kwa barua. Lakini kosa lake lilikuwa kosa la uvivu, na dawa ya uvivu hujulikana. Tangu siku ile ikawa sheria ya kwamba kila mzigo uletwao hupimwa, na wanafunzi wawili, kwa zamu, husimama kando ya mizani na kutia sahihi zao.

Ugali ulirudi sahanini baada ya wiki mbili. Yule mwalimu kijana hakuketi tena nasi kunywa chai kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Tulimwendea kumwomba radhi. Akasema amesamehe, lakini aliendelea kunywa chai yake darasani peke yake. Hatumlaumu.

Basi, hilo ndilo neno tulilotaka kuwaambia jioni hii. Watu husema ukabila ni mbaya kwa sababu huleta ugomvi, na hiyo ni kweli. Lakini kuna ubaya mwingine usiosemwa mara nyingi: ukabila humficha mwivi. Ukilitupia kabila zima lawama ya mtu mmoja, humdhuru mtu yule hata kidogo. Wampa ngao ya watu elfu. Wale waliokuwa tayari kukusaidia kumwuliza, sasa hawana budi kumlinda. Na wewe mwenyewe, kwa kuwa umekwisha kupata jina la kumlaumu, huna haja tena ya kutafuta mizani.

Kuna methali isemayo, "Samaki mmoja akioza, wote huoza." Twawafundisha wanafunzi wetu methali, nasi twazipenda, lakini methali hii ni ya samaki waliokwisha kufa, waliowekwa katika kapu moja. Binadamu aliye hai ana akili yake na hiari yake. Jirani wa mwivi si mwivi, na mara nyingi ndiye aliyeibiwa wa kwanza.

Sasa, kutoka ghala la chuo twende kwenye mambo ya nchi. Maana nchi nayo ina ghala lake, na ufunguo wake, na watu wenye njaa wasimamao mlangoni. Tutatwaa mfano wa Kenya, na katika Kenya tutatwaa jambo moja, yaani ardhi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Kiingereza iliwapa walowezi wa Kizungu ardhi nyingi katika nyanda za juu na Bonde la Ufa. Wamasai walihamishwa kwa mapatano ya mwaka wa 1904 na ya mwaka wa 1911. Wanandi walipoteza sehemu ya nchi yao baada ya kushindwa vitani. Wakikuyu wa Kiambu walijikuta ni wapangaji katika mashamba waliyoyalima babu zao. Kila kabila likawekewa eneo lake na mipaka yake, na mwanamume aliyetoka kwenda kazini ilimpasa kuchukua kipande. Wakikuyu wengi waliokosa mashamba kwao walihamia Bonde la Ufa, wakawa vibarua katika mashamba ya walowezi. Tena serikali hiyo ilipoviruhusu vyama vya siasa vya Waafrika mwaka wa 1955, iliruhusu vyama vya wilaya tu, si vya nchi nzima. Na wilaya nyingi zilikuwa zimekatwa kwa kufuata makabila. Hivyo siasa ilijifunza kutembea kwa miguu ya kabila kabla haijapata miguu mingine.

Uhuru ulipopatikana, tarehe 12 Desemba 1963, mashamba mengi ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa. Mwenye fedha au mwenye cheo alipata shamba kubwa. Maskini wengi waliunga senti zao katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi, wakapata ekari chache. Sasa fikirini, wasikilizaji. Katika kijiji kimoja cha Bonde la Ufa wakaa majirani wawili. Mmoja asema, "Shamba hili nalilipia kwa jasho langu, nami nina hati yake." Mwenzake asema, "Shamba hili babu yangu alinyang'anywa bila malipo, nalo lilipouzwa hakuitwa hata kuulizwa." Ni nani kati yao mwenye uwongo? Hapana. Wote wawili wasema kweli. Kinyongo chao kina asili ya haki, na mtu awaambiaye "sahauni tu" hajui anenalo.

Lakini shauri hilo lilikuwa na mizani yake. Ingaliwezekana kuuliza: Nani alipata ekari ngapi? Kwa fedha ya nani? Kwa amri ya nani? Mwaka wa 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliuliza maswali ya namna hiyo juu ya ardhi ya umma, ikaeleza jinsi ardhi hiyo ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa watu wenye nguvu na wenye kujuana na serikali. Ukiyatazama mambo hayo vizuri hulioni kabila moja lililokula na mengine yaliyofunga. Waliokula walikuwa wachache, nao walitoka pande nyingi. Waliokosa walikuwa wengi, nao pia walitoka pande zote.

Juu ya majukwaa, hata hivyo, hesabu haisemwi hivyo. Ni rahisi zaidi kusema, "Kabila lile limechukua ardhi yetu." Maneno ya namna hiyo yalisemwa vyama vingi viliporudi, na mapigano yakatokea katika Bonde la Ufa katika miaka ya 1991 na 1992, na tena karibu na uchaguzi wa mwaka wa 1997. Wapo waliouawa, na wapo waliofukuzwa makwao. Kaa halikuzimwa.

Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, Mwai Kibaki akaapishwa jioni ile ile, na upande wa Raila Odinga ukakataa ukisema kura zimeibwa. Tazameni basi lilivyogeuka jambo hili. Shauri lilikuwa la hesabu ya kura, yaani shauri la mizani. Lakini kwa kuwa kila chama kilikuwa kimevishwa nguo ya kabila, aliyepigwa hakuwa karani wa kura; aliyepigwa ni jirani. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa kwa moto humo ndani. Mwisho wa mwezi ule, huko Naivasha, watu wa upande wa pili nao waliteketezwa ndani ya nyumba, kwa kisasi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na watu zaidi ya laki tatu walihama makwao.

Yafuatayo twawaomba myasikilize polepole. Tarehe 28 Februari 2008, kwa upatanishi wa Kofi Annan, wakubwa wa pande zote mbili walitia sahihi mapatano, na mwezi wa Aprili wakaketi katika serikali moja. Vema, mapatano yaliokoa maisha ya watu. Mwaka wa 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao katika uchaguzi wa 2007 walikuwa katika pande zilizopingana, walisimama pamoja wakachaguliwa. Mwaka wa 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, walioshindana vikali mwaka uliotangulia, walipeana mikono. Mwaka wa 2022 mambo yakapangwa upya tena, rafiki wa jana akawa mshindani wa leo. Hatusemi haya ili kumtukana mtu. Twauliza swali la mwalimu tu: kama makabila hayo yalikuwa maadui kwa damu, wakubwa wao walipatana kwa urahisi gani? Na kama si maadui, wale wa Kiambaa na wale wa Naivasha walikufa kwa ajili gani? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Viongozi walipoungana, mjane hakurudishiwa mumewe, wala yule majirani wawili wa shamba hawakupata jibu la shauri lao.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya Kenya; ng'ambo ya mpaka watu hawana ukabila." Ndugu zetu wa Tanzania wana haki ya kujivunia kazi waliyoifanya, lakini ni kazi, haikuanguka kutoka mbinguni. Walikitumia Kiswahili katika shule na mikutano. Mwaka wa 1963 waliuondoa utawala wa machifu. Na baada ya hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 serikali haikuuliza tena kabila la mtu katika hesabu hiyo. Hata hivyo kinyongo kilikuwako. Wachaga na Wahaya walitangulia katika elimu, na watu wengine wakasema ni werevu wa hila, wakipendeleana. Sababu yenyewe ilikuwa wazi: misheni zilijenga shule mapema Kilimanjaro na Bukoba, na kahawa ilistawi huko, hata mzazi akapata ada ya shule. Ukisema ni hila ya kabila, huna la kufanya ila kuchukia. Ukisema ni shule na kahawa, wajua la kufanya: jenga shule kwingine.

Na kwa kuwa twasema nanyi kwa redio, yatupasa kukitaja chombo hiki chenyewe. Huko Rwanda, serikali ya Wabelgiji ilikuwa imeandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake tangu miaka ya 1930. Mwaka wa 1993 ikaanzishwa redio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki mzuri, ilifanya mzaha, watu wakaipenda; na katikati ya mzaha ikawaita Watutsi mende. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji yalipoanza, redio hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Kwa siku mia hivi watu zaidi ya laki nane waliuawa. Msidhani ya kuwa wasikilizaji wake walizaliwa wauaji. Walizoezwa kidogo kidogo kucheka neno moja. Siku hizi redio imo mfukoni mwa kila mtu, ndani ya simu, na kila mtu ni mtangazaji. Basi upelekewapo neno la mzaha juu ya kabila la jirani, kabla hujalipeleka kwa mwingine, ukumbuke lile neno mende.

Twaona pia mambo ya kutia moyo. Wakenya walijitengenezea mizani. Sheria ya mwaka wa 2008 yakataza idara ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Na Katiba ya mwaka wa 2010 yamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, tena apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Sheria hizo huvunjwa mara kwa mara. Lakini sheria iliyovunjwa yaweza kuonyeshwa mahali ilipovunjwa, kama gunia la kilo 68. Tena mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi ile walitoka barabarani kuupinga mswada wa fedha, wakitangaza ya kuwa hawana kabila katika shauri lile. Walitaja kodi yenyewe, na kifungu chenyewe. Damu ilimwagika, na vijana kadha wa kadha walikufa, jambo la kuhuzunisha sana. Lakini Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule. Chuki ya kabila haijaondoa hata kodi ya senti moja popote tujuapo.

Sasa twawaachia kazi ya nyumbani, kama ilivyo desturi ya waalimu. Siku utakapojisikia moyoni kusema, "Watu wa kabila lile wametudhulumu," usiukatae uchungu wako. Huenda ni wa haki. Ila jiulize maswali matatu kabla hujafungua kinywa. La kwanza: Ni nani hasa? Sema jina la mtu au la cheo. La pili: Ni kiasi gani? Sema kilo, sema ekari, sema shilingi. La tatu: Dawa yake ni nini, na nani awezaye kuitoa? Ukiyajibu matatu hayo, una shauri la kupeleka barazani, na hata watu wa kabila la mkosaji waweza kusimama nawe. Usipoweza kuyajibu, huna shauri bado. Nenda ukatafute mizani.

Na kazi ya pili ni ngumu zaidi. Siku mtu wa kabila lako atakapokamatwa na mali ya watu, usingoje wengine wamseme. Uwe wa kwanza kusema, "Huyu ametenda vibaya, naye ajibu peke yake." Yule mjumbe wetu wa tatu alikuwa kijana mwema, lakini alinyamaza kwa kumwogopea baba yake aibu, na kwa kunyamaza kwake baba yake alibaki kushukiwa wizi asioufanya, wiki tano nzima. Lau angalisema tangu mwanzo, "Na mimi pia nina njaa, yapimwe," baba yake angalionekana mvivu tu, si mwivi.

Mizani ya chuo chetu bado yaning'inia penye mlango wa ghala. Mnyororo wake ni mpya. Kila tuingiapo kuchukua chaki au karatasi twaiona, na twakumbuka kikombe cha chai kilichoachwa dirishani.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia jioni hii.